Seli Zisizofundwa: Vitamini A na Malezi ya Kinga ya Mwili



Nianze na mkasi. Mkasi mdogo wa kliniki, wa kukatia bandeji, ambao katika mwaka wangu wa kwanza kazini nilikabidhiwa pamoja na kopo la vidonge vya mafuta vya vitamini A. Vidonge vyenyewe ni laini na vina chuchu upande mmoja. Vya buluu vina yuniti 100,000, ni vya watoto wa miezi 6 hadi 11. Vyekundu vina yuniti 200,000, ni vya kuanzia mwaka mmoja hadi kutimiza mitano. Unaikata chuchu, unambana mtoto mashavu taratibu, unamkamulia matone mdomoni. Mtoto anakunja uso, anajilamba, anamtazama mama yake kama aliyeonewa. Basi, hadi miezi sita ijayo.

Siku hiyo mama mmoja akaniuliza: "Daktari, mwanangu anaona vizuri tu, hata sindano ikianguka chini anaiokota yeye. Haya matone ni ya nini?" Nikamjibu kama nilivyofundishwa: ni ya macho, mama. Akaitikia kwa adabu, akachukua kadi ya mtoto, akaenda zake. Jibu langu halikuwa uongo, ila lilikuwa robo ya ukweli. Nimekuja kulipa hizo robo tatu.

Jina la macho limeigandama vitamini hii kwa sababu machoni ndiko upungufu unakojionyesha. Mtoto aliyepungukiwa huanza kupapasa jua linapozama. Anajikwaa kwenye kigoda, anaukosa mlango wa nyumba yao mwenyewe, hataki tena kucheza na wenzake magharibi. Baadaye weupe wa jicho unakauka na kutoa mabaka kama povu la sabuni. Mwishowe kioo cha jicho kinalainika, kinatoboka, na hapo hakuna daktari wa kukirudisha. Mwaka 1913 Elmer McCollum na Marguerite Davis, huko Wisconsin, Marekani, walionyesha kwamba panya wanahitaji kitu kilichomo kwenye siagi na kiini cha yai, lakini hakimo kwenye mafuta ya nguruwe. Kitu hicho ndicho kilichokuja kuitwa vitamini A.

Hata hivyo, waliowapasua panya waliokosa kitu hicho waliona jambo jingine. Mwaka 1925, Wolbach na Howe wa Boston walieleza kwamba ngozi laini za ndani, zile za koo la hewa, za kibofu na za mirija ya tezi, zilikuwa zimegeuka kavu na ngumu kama ngozi ya nje. Panya wa namna hiyo walikuwa wakifa kwa maambukizi. Miaka mitatu baadaye Green na Mellanby, Waingereza wa Sheffield, wakaamua kuiita vitamini ya kupinga maambukizi. Na mwaka 1932 daktari wa London, Joseph Ellison, akaenda nayo wodini. Alikuwa na watoto 600 wenye surua, akawagawa mafungu mawili ya watoto 300. Fungu moja akalipa vitamini A kila siku. Katika fungu lisilopewa walikufa 26, katika lililopewa walikufa 11.

Mtu angetegemea kwamba tangu siku hiyo kila mtoto wa surua duniani angepewa matone. Haikuwa hivyo. Zikaja dawa za salfa, ikaja penisilini, ikaja chanjo, na karatasi ya Ellison ikalala maktabani zaidi ya miaka 50. Naumia kila nikiikumbuka miaka hiyo 50, kwa sababu najua ni wodi zipi zilizojaa watoto wa surua katika muda huo. Nyingi zilikuwa kwetu.

Aliyeufufua mjadala alikuwa daktari wa macho, Alfred Sommer, Mmarekani aliyekuwa akitafiti upofu wa watoto vijijini Java, Indonesia. Alipozirudia takwimu zake aliona watoto ambao hawakuwa wameumwa sana, wenye kutoona usiku tu au yale mabaka ya povu, wakifa kwa kiwango cha karibu mara nne ya wenzao wenye macho mazima. Walikuwa wakifa kwa kuharisha na kwa vifua. Alilichapisha hilo mwaka 1983. Mwaka 1986, baada ya kugawa vitamini katika vijiji vya Aceh, aliripoti vifo vimepungua kwa asilimia 34. Wengi hawakusadiki. Vidonge viwili kwa mwaka, vya bei ya kutupa, viokoe maisha kiasi hicho?

Hapo ndipo tunapofika Mvumi. Naomba mniruhusu nikae hapa kidogo.

Mvumi ni kilomita kama 40 kutoka mjini Dodoma, nchi ya Wagogo, nchi ya uwele, mtama na mlenda, ambako mvua ni moja kwa mwaka na kiangazi kinakausha mpaka mboga za mwituni. Ipo hospitali ya misheni hapo, na katika hospitali hiyo alikuwapo daktari wa macho, Allen Foster, aliyechoka kuona watoto wakipofuka baada ya surua. Wengine waliponzwa na ukosefu wa vitamini, wengine na virusi, wengine na dawa za kienyeji walizotiwa machoni na watu waliowapenda. Foster, pamoja na mwenzake Barclay na huyo Sommer, wakafanya jaribio. Watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa kwa bahati nasibu. Watoto 88 walipewa yuniti 200,000 siku ya kwanza na 200,000 nyingine siku ya pili. Watoto 92 walipata matibabu ya kawaida peke yake.

Katika wale 92 walikufa 12. Katika wale 88 walikufa 6. Kwa walio chini ya miaka miwili tofauti ilikuwa kubwa zaidi: vifo 7 upande mmoja, kifo 1 upande wa pili.

Wenye kudai walidai kwamba idadi ni ndogo, na kweli ni ndogo. Mwaka 1990 Gregory Hussey na Max Klein wakachapisha ya Cape Town: watoto 189 wenye surua, na kati ya 12 waliofariki, 10 walikuwa wa kundi lisilopewa vitamini. Baada ya hapo sauti za wapinzani zikafifia. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikuwa wameshatoa tamko lao kuhusu vitamini A kwa watoto wa surua tangu 1987.

Nautaja mwaka 1987 kwa makusudi. Taarifa ya Mvumi ilitoka katika jarida la madaktari wa Uingereza tarehe 31 Januari mwaka huo. Desemba ya mwaka huohuo, maabara mbili zisizohusiana na Mvumi kwa lolote, ya Pierre Chambon huko Strasbourg, Ufaransa, na ya Ronald Evans huko California, zilitangaza kuwa zimekipata kipokezi ambacho vitamini A hukitumia kuongea na jeni zetu. Mwaka mmoja, ncha mbili za kamba moja: huku mtoto wa Kigogo anayepona, kule protini ndani ya kiini cha seli. Imetuchukua miaka mingine zaidi ya 20 kuikunjua kamba iliyo katikati, na bado hatujaimaliza.

Sasa tuifuate vitamini yenyewe, tokea sahani.

Chukua kisamvu kilichotwangwa kikaungwa kwa nazi. Ule ujani umeficha rangi ya chungwa, betakarotini, ileile iliyo wazi kwenye embe, papai, boga, viazi lishe na mawese ya Kigoma. Betakarotini haiingii mwilini bila mafuta, kwa hiyo tui la nazi lina kazi zaidi ya utamu. Ikifika kwenye ukuta wa utumbo hukatwa ikawa retinoli. Ukila maini, mayai, maziwa au dagaa wazima wazima, retinoli unaipata ikiwa tayari. Kutoka hapo husafiri na mafuta hadi ini, na ini ndilo ghala. Mtu aliyeshiba vizuri anaweka humo akiba ya miezi mingi, na ndiyo sababu ya matone kutolewa kila baada ya miezi sita.

Kutoka ghalani kuna mchukuzi, protini maalumu inayoibeba retinoli kwenye damu. Mtoto mwenye kwashiakoo anaweza kuwa na akiba ndani ya ini lake lakini hana mchukuzi, kwa sababu mchukuzi huundwa kwa protini naye protini hana. Mtoto mwenye homa kali naye, ini lake hupunguza kutoa wachukuzi hao. Njaa na ugonjwa hushikana mikono namna hii, na anayeshughulikia kimoja tu atashangaa kwa nini mtoto hapati nafuu.

Retinoli ikiingia kwenye seli hubadilishwa kuwa retinali. Hapa njia inagawanyika, na hapa ndipo jibu langu kwa yule mama lilipokosa urefu. Ndani ya jicho, retinali ndiyo inayopokea mwanga. Katika seli nyingine retinali husukumwa hatua moja mbele ikawa asidi ya retinoiki, na ikishavuka hapo hairudi nyuma. Asidi hii haina habari na mwanga. Inaingia kwenye kiini cha seli, inavikuta vipokezi viwili viwili vimekaa juu ya jeni vikizizuia zisisomwe, inavishika, navyo vinageuka: jeni iliyofungwa inafunguliwa. Mwili hauiwekei akiba asidi hii. Huundwa papo hapo panapohitajika, hutumika, huvunjwa. Inafanya kazi kama neno lililosemwa sikioni mwa mtu mmoja, kwa wakati wake.

Tumezoea kuziita seli za kinga askari wa mwili. Nimeshalitumia jina hilo mara nyingi darasani, na siku hizi naliacha, kwa sababu linamfanya msikilizaji adhani seli hizi huzaliwa na bunduki mkononi. Seli ya kinga huzaliwa haijui lolote. Mfano unaonisaidia zaidi ni jando na unyago. Kijana anaingia kumbini akiwa mwari, anafundwa na kungwi, anatoka akiwa anajua yeye ni nani, adabu zake ni zipi, na nafasi yake katika ukoo ni ipi. Asiyefundwa ana mwili wa mtu mzima, lakini jamii haijui imtume wapi.

Zitazameni seli T. Huzaliwa kwenye uboho, zikakulia katika tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Zikitoka hapo kila moja ina jicho la kumtambua adui mmoja tu, lakini bado ni wari: zinazunguka na damu bila makazi wala kazi. Makungwi wao ni seli zenye matawi, ambazo huokota vipande vya vijidudu na kuvipeleka kwenye tezi za limfu. Seli tawi za utumboni zina kitu ambacho za sehemu nyingi za mwili hazina: vimeng'enya vya kutengenezea asidi ya retinoiki. Seli T ikija kusimama mbele ya kungwi wa utumboni inafundwa mambo mawili kwa pamoja. Inaonyeshwa kipande cha kijidudu: adui ni huyu. Na inapewa asidi ya retinoiki: kazi yako ni huku. Ikishaipokea, inaotesha juu ya mwili wake protini mbili ambazo ndizo anwani yake. Inaingia kwenye damu, inazunguka, na ikipita kwenye mishipa ya utumbo anwani inasomeka, inashuka.

Jambo hili lilidhihirishwa mwaka 2004 na Mjapani Makoto Iwata na wenzake. Panya walionyimwa vitamini A walikuwa na seli T chache mno kwenye ukuta wa utumbo. Zilikosa anwani, ndiyo maana hazikufika. Nyongeza ndogo kwa wanafunzi wangu: ngozi nayo ina makungwi wake, na wao hutumia vitamini D, ile itokanayo na jua, kuzielekeza seli kwenye ngozi. Kila nikilifundisha hili nasimama kidogo. Mwili unatumia alichokula mtu kuelekeza seli tumboni, na jua lililompiga kuelekeza seli kwenye ngozi.

Miaka miwili baadaye ikaonekana kwamba seli B nazo zinafundwa vivyo hivyo. Seli B ndizo zinazotengeneza kingamwili, na utumbo unataka kingamwili za aina ya A, zinazomwagwa kwenye ute na kuwazuia wadudu kabla hawajagusa ukuta. Bila asidi ya retinoiki, panya hawakuwa na seli za kutosha za kutengeneza kingamwili hizo kwenye utumbo mwembamba. Sasa rudini Java, kwa wale watoto waliokuwa wakifa kwa kuharisha huku macho yao yakiwa na dalili ndogo tu. Ukuta wa utumbo umekauka, ute ni mwembamba, walinzi hawajafika.

Kufundwa kuna upande wa pili pia, upande wa kuvumilia. Utumbo wetu hupokea kila siku ugali, maharage, samaki, na mabilioni ya bakteria wasio na ubaya wowote. Seli za kinga zikipigana na kila kigeni tutakufa kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2007 makundi kadhaa ya watafiti yalionyesha kwamba asidi ya retinoiki, ikiungana na kemikali nyingine ya mwili, huzielekeza seli T ziwe wasuluhishi, zile zinazotuliza uvimbe, na huzizuia zisigeuke kuwa kali. Halafu wengine wakagundua kwamba maambukizi ya kweli yakiingia, asidi hiihii husaidia seli kali ziwake. Wapo waliouona huo kuwa mgongano. Mimi nauona kuwa ndio ukungwi wenyewe: neno linaweza kuwa lilelile, na maana yake ikategemea saa na mahali.

Ushahidi ulio mzito kuliko yote kwa binadamu haukutoka kwa panya wala utumboni. Ulitoka Shanghai, kwenye saratani ya damu. Iko saratani moja ambamo seli nyeupe changa hukwama katikati ya kukua. Hazikomai na hazifi. Zinajaa uboho, damu inakosa kuganda, mgonjwa anavuja damu mpaka anafariki, na zamani alifariki upesi kuliko wa saratani nyingine za damu. Daktari Wang Zhenyi na wenzake walijaribu kuwapa wagonjwa hao asidi ya retinoiki kwa mdomo, badala ya kuziua seli hizo kwa sumu. Mwaka 1988 walitoa taarifa ya wagonjwa 24. Wagonjwa 23 damu yao ilisafika kwa dawa hiyo peke yake, na mmoja alihitaji kuongezewa dawa kidogo. Seli zilizokwama zilikuwa zimekomaa, zikawa seli nyeupe za kawaida, zikaishi siku zake na kufa kama zinavyotakiwa.

Kwa nini? Miaka michache baadaye sababu ikajulikana: kromosomu ya 15 na ya 17 zilikatika zikabadilishana vipande, na mkato ulipita katikati ya jeni ya kipokezi kilekile cha Chambon na Evans. Kipokezi kilichovunjika hakisikii sauti ya kawaida, kikaendelea kuzifunga jeni za ukomavu. Kipimo kikubwa cha asidi kilikuwa kama kumwita kwa sauti kuu mtu mwenye masikio mazito. Leo, tiba hiyo ikiunganishwa na aseniki, wagonjwa wengi wa saratani hiyo hupona kabisa.

Naenda haraka kidogo sasa. Mwaka 2014 zilitoka kazi mbili ambazo sijaacha kuzifikiria. Ya kwanza ilionyesha kwamba panya aliye tumboni hutegemea vitamini A ya mama yake ili tezi zake za limfu zikue. Mama akipungukiwa, mtoto huzaliwa na tezi ndogo, na hata akila vizuri maisha yake yote baadaye, kinga yake ukubwani inabaki dhaifu. Ya pili ilionyesha kwamba panya akikosa vitamini A, seli za kinga za utumboni zinazopambana na bakteria hupungua, na zinazopambana na minyoo huongezeka. Ni kana kwamba mwili, ukiona njaa imeingia, unakisia kuwa minyoo nayo iko njiani, unahamishia nguvu huko. Ni panya, narudia, na panya si mtoto. Lakini anayekumbuka kwamba kwenye kampeni zetu matone na dawa ya minyoo hutolewa siku moja hatakosa kujiuliza maswali.

Turudi kwenye surua, kwa sababu ni huko ambako haya yote hukutana ndani ya mwili mmoja mdogo. Virusi vya surua vinaharibu kwa wakati mmoja macho, mapafu na utumbo, yaani zile ngozi laini za Wolbach na Howe ambazo haziwezi kuota upya bila vitamini A. Vinaingia pia kwenye seli za kinga zenyewe, na hasa zile wazee, zenye kumbukumbu ya magonjwa yaliyopita. Mwaka 2019 watafiti waliwapima watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa, kabla na baada ya surua, wakakuta wamepoteza kuanzia asilimia 11 hadi 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo. Mtoto anaamka kutoka kwenye surua akiwa amesahau magonjwa aliyokwishayashinda. Lazima afunde kizazi kipya cha seli, na saa hiyohiyo vitamini A kwenye damu yake imeporomoka. Wale watoto wa Mvumi walipopimwa, zaidi ya tisa kati ya kila kumi walikuwa na kiwango cha chini mno. Walikuwa na kumbi lililojaa wari, na makungwi wasio na neno la kuwapa.

Nina wajibu wa kusema pia pale matone yaliposhindwa, maana nimesikia watu wakiyasifu kama maji ya baraka.

Dar es Salaam, kuanzia 1995, wanawake wajawazito 1,078 wenye virusi vya Ukimwi waliingia kwenye utafiti wa Muhimbili na Chuo Kikuu cha Harvard. Tegemeo lilikuwa kwamba vitamini A ingepunguza maambukizi kwenda kwa mtoto. Ilitokea kinyume: waliopewa vitamini A waliambukiza watoto zaidi, huku vitamini nyingine, za kundi B pamoja na C na E, zikiwasaidia akina mama hao. Vilevile ilidhaniwa kwamba mtoto akipewa matone siku ya kuzaliwa ataanza maisha na kinga imara. Hapa kwetu watoto wachanga karibu 32,000 walifuatiliwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa vifo havikupungua. Na mjamzito hapaswi kabisa kupewa vile vidonge vyekundu, kwa sababu neno linalofungua jeni za seli za kinga ndilo linalopanga uso, moyo na mgongo wa mtoto aliye tumboni, na likisemwa kwa kelele linavuruga.

Sioni aibu katika matokeo haya, na wala hayanifanyi niyashuku matone ya miezi sita. Yanathibitisha nilichotaka mkisikie. Kitu kinachoujenga mwili kama tofali, ukikizidisha pengine utakuwa na ukuta mnene tu. Kitu kinachotoa amri, ukikizidisha au ukikitoa saa isiyo yake, kitaamrisha yasiyotakiwa.

Mwaka 2010 utafiti wa kitaifa ulikuta karibu theluthi ya watoto wetu walio chini ya miaka mitano wana upungufu wa vitamini A. Nchi hii ina mawese, ina viazi lishe, ina matembele yanayoota nyuma ya choo bila kupandwa, ina dagaa wa Kigoma na wa Mwanza. Mafuta ya kupikia ya viwandani yanatakiwa kisheria kuongezwa vitamini hiyo. Lakini mafuta mengi vijijini hupimwa kwa kibaba kutoka kwenye dumu lisilo na lebo, na mboga mara nyingi huchemshwa kwa chumvi tupu. Nawaomba wataalamu wa lishe mliomo humu mtuandalie mhadhara wa peke yake juu ya hilo, maana jambo hilo lina kina kuliko dakika zangu zilizobaki.

Mimi nimalizie wodini. Mtoto wa surua hupewa dozi mbili, siku mbili mfululizo, kama walivyofanya Mvumi: ya kwanza leo, ya pili kesho. Nimeona mara nyingi ile ya pili ikipotea. Homa imeshuka usiku, baba amekuja na baiskeli alfajiri, kitanda kinahitajika na mwingine, nesi wa zamu ya usiku ameandika dozi ya kwanza na wa asubuhi hajafungua ukurasa. Familia inaondoka ikiwa na furaha. Upele unakauka, unaacha alama nyeusi, na kila mtu anajua surua imekwisha. Ndani ya yule mtoto kazi ya kuzifunda seli mpya ndiyo kwanza inaanza, itachukua wiki nyingi, na kuhara au kichomi kinachokuja mwezi unaofuata hakuna atakayekihusisha na surua.

Kwa hiyo wauguzi wangu, baiskeli na isubiri. Ni mkasi, ni kidonge kimoja, ni nusu dakika. Na mama akiuliza ni ya nini, mwambieni kuna seli ndani ya mwanawe zilizozaliwa juzi, hazijui njia, nazo zinasubiri kuelekezwa. Kisha andikeni tarehe kwenye kadi.